Paa Juu ya Mbuyu

Paa hapandi miti. Kwato zake hazishiki gome, wala hana mkono wa kudakia tawi, na mbuyu wenyewe, kama ile mikongwe iliyosimama kando ya Mama Ngina Drive pale Kizingo, Mombasa, ni mti ambao hata kijana mwepesi huuzunguka mara mbili kabla ya kuujaribu. Lakini katika hadithi ya kale ya mwalimu Goso, paa yumo juu ya mbuyu anaiba mabuyu, na msimulizi hajisumbui kueleza alipandaje. Buyu moja linaporomoka, linampiga Goso kichwani akiwa amekaa chini ya mti anaposomeshea wanafunzi, na mwalimu anakufa papo hapo. Wanafunzi wanamzika, kisha wanaanza kumsaka muuaji. Wa kwanza kushikwa ni upepo wa kusi, na wanaupiga. Kusi unajitetea kwamba lau ungekuwa na nguvu hizo, usingezuiwa na kiambaza cha udongo. Basi kiambaza nacho kinapigwa, nacho kinalalamika kwamba panya hukitoboa atakavyo. Panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba inataja kisu, kisu kinataja moto, moto unataja maji, maji yanamtaja ng'ombe, mpaka zamu inamfikia paa, ambaye peke yake hana la kusema. Kimya chake kinamhukumu.

Mtoto anayesikiliza hadithi hii haulizi paa alifikaje juu. Anangoja kujua nani atapigwa tena, na anataka sana kuona wanafunzi wa Goso wakiuchapa upepo kwa fimbo. George Bateman aliitia hadithi ya Goso katika Zanzibar Tales, kitabu cha Kiingereza kilichochapwa Chicago mwaka 1901 kikiwa na michoro. Yaani watoto wa Marekani walipata kioja hiki cha pwani yetu katika kitabu cha picha zaidi ya miaka 120 iliyopita. Ukimtafutia mtoto wa miaka minne wa Kizingo au Mji wa Kale kitabu cha picha cha Kiswahili chenye ujasiri kama huo, utapekua rafu muda mrefu. Utakachokiona kwa wingi ni vitabu vya alfabeti, vya hesabu, vya matunda na vya wanyama wa mwituni, kisha hadithi fupi za mtoto mtiifu aliyefaulu na mtoto mkaidi aliyevunjika mguu, na mwishoni maswali matano ya kumpima msomaji kama ameelewa. Vitabu hivyo vina kazi yake na sivibezi. Ninachodai ni kwamba mtoto mdogo anahitaji pia vitabu vya vioja, vile ambavyo samaki hufua nguo na nyumba huenda sokoni, na kwamba anavihitaji kwa ajili ya akili yake kama anavyovihitaji kwa ajili ya furaha yake. Mambo hayo mawili, kwa umri ule, ni vigumu kuyatenganisha.

Aliyeeleza vizuri zaidi sababu ya kicheko cha mtoto ni mwandishi Mrusi Kornei Chukovsky, katika kitabu chake kuhusu lugha na fikra za watoto kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1928. Chukovsky alikuwa akitunga mashairi ya watoto yaliyojaa mambo yaliyopinduliwa, na alitaka kujua kwa nini watoto wa nchi nyingi hupenda sana kinyume cha mambo. Jibu lilimjia kwa binti yake mwenyewe, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Siku moja mtoto alimwendea babake akamwambia kwamba mbwa analia kama paka, kisha akamtazama usoni akingoja wacheke pamoja. Hakuwa amekosea. Alikuwa amejua kwa yakini kwamba mbwa hubweka na paka hulia nyau, na kwa kuwa ujuzi huo ulikuwa umekaa imara, aliweza kuuchezea. Mtoto asiye na hakika haoni cha kuchekesha, kwa sababu kwake mbwa alie vyovyote vile. Kwa hiyo kila mara mtoto anapocheka picha ya ng'ombe aliyepanda mnazi, anathibitisha mambo mawili: anamjua ng'ombe, na anaujua mnazi. Hapo ndipo ilipo raha yake. Kwa muda mfupi yeye ndiye mwenye elimu, na kitabu ndicho kinachokosea.

Tuitazame hoja hiyo kwa karibu, maana watu wengi hudhani mambo yanakwenda kinyume chake. Mtu mzima huona mambo ya ajabu kuwa ndiyo mlango wa kuchanganyikiwa, kwamba ukimwonyesha mtoto samaki mwenye miguu atadhani samaki wana miguu. Lakini mtoto wa Mombasa amewaona samaki kwenye karai, ameona mamake akipara magamba, amechomwa na mwiba. Huwezi kumdanganya juu ya samaki. Ukimletea samaki aliyevaa ndara akikimbilia matatu ya Nyali, atakushika mkono akusahihishe kwa sauti kubwa, na katika kukusahihisha ataeleza mapezi, mkia, maji na pumzi, mambo ambayo usingeyapata kwa kumuuliza swali la darasani. Kitabu cha vioja humpa mtoto nafasi ambayo ni adimu sana katika maisha yake, nafasi ya kumsahihisha mkubwa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Jibu lake liko katika vinywa vya nyanya zetu. Msimulizi wa pwani husema "Paukwa!" na watoto huitika "Pakawa!", na mwendelezo wa kale wa mwito huo, ambao wakubwa wengi wa Mombasa na Unguja bado wanaukumbuka, una kijino cha mtoto ambacho kinatosha kujengea ukuta wenye vilango vya kupita. Hadithi haijaanza, na tayari tumeshaingia katika nyumba isiyowezekana. Vitendawili navyo ni picha za vioja zilizokazwa katika sentensi moja. Nyumba isiyo na mlango ni yai. Kuku aliyetaga miibani ni nanasi. Kabla hajapata jibu, mtoto anamwona kuku wa kweli amejikalia juu ya miiba mikali, na picha hiyo ndiyo inayomshika. Kisha kuna Abunuwasi, ambaye aliazima sufuria, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo akidai kwamba ile kubwa imezaa. Mwenye sufuria akapokea kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi akaleta habari za msiba, kwamba sufuria imekufa. Aliyekubali uzazi wa sufuria atakataaje kifo chake? Hiyo ni mantiki iliyonyooka, imesimamishwa juu ya msingi wa upuuzi mtupu, na watoto wa pwani wameifuata hatua kwa hatua kwa vizazi vingi. Tatizo letu ni kwamba hadithi zilipohama kutoka ukumbini kwenda kitabuni, tulihamisha mafunzo tukaviacha vioja mlangoni.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazazi wanaoogopa uongo, na katika mji wenye madrasa karibu kila mtaa, hofu hiyo inastahili jibu la heshima. Mzazi husema: mtoto ninamfundisha ukweli, itakuwaje nimnunulie kitabu cha mambo ambayo hayapo? Uongo, kwa jinsi watu wote wanavyouelewa, unahitaji nia ya kumfanya mwenzio aamini lisilo kweli. Kitabu cha vioja hakina nia hiyo. Kinamtaka msomaji asiamini, na kikiaminiwa kimeshindwa kazi yake. Ndiyo maana hadithi zilitangulizwa na mwito. Paukwa na pakawa ni mlango unaofunguliwa kwa sauti, kila mtu akasikia kwamba sasa tunaingia mahali pengine, na hadithi ikiisha mlango unafungwa. Elimu ya Kiislamu yenyewe haikuwaogopa wanyama wanaosema. Kalila na Dimna, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, imejaa mbweha, simba na kunguru wanaojadiliana kama mawaziri, na wanakili wa zama za kati waliitilia picha za rangi. Hadithi yetu ya kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini ina udugu na ile ya Kalila na Dimna. Moyo ulioachwa nyumbani kama mwavuli! Wacha Mungu walisimuliana hayo usiku na alfajiri wakaamka wakaswali, na dini yao haikupungua.

Pingamizi hili si la Mombasa peke yake, wala si la dini peke yake. Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, aliandika katika gazeti la Pravda Februari 1928 akilishambulia shairi la Chukovsky kuhusu mamba, akilalamika kwamba badala ya kujifunza maisha ya mamba watoto wanapewa upuuzi. Huyu hakuwa na dini. Alikuwa na siasa. Lakini hofu ilikuwa ile ile, kwamba muda wa mtoto ni haba na kila ukurasa lazima ulete faida inayopimika. Watoto wa Urusi waliendelea kulidai shairi la mamba, na bado linasomwa.

Hapo tunafika kwenye pingamizi la tatu, ambalo naliona lina nguvu kuliko yote katika Kenya ya leo: shule. Mzazi anayelipa karo ya chekechea anataka mtoto asome. Tangu mwaka 2015 mradi wa Tusome ulifikisha vitabu vya kusomea vya Kiswahili na Kiingereza katika shule za msingi za umma, na hiyo ilikuwa kazi kubwa yenye manufaa. Kwa nini basi tupoteze shilingi kwa mizaha? Ushahidi unasema mizaha yenyewe ni sehemu ya kusoma. Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto wa miaka minne na mitano walio wepesi wa kutambua maneno yanayofanana sauti ndio waliokuja kusoma na kuandika vizuri zaidi baadaye. Utafiti ule ulikuwa wa Kiingereza, lakini mtu aliyelelewa na Kiswahili hatashangaa. Lugha yetu imesimama juu ya silabi, ushairi wetu umesimama juu ya vina, na mtoto anayebuni neno lisilo na maana kwa sababu linaoana na jingine anachezea vipande vile vile atakavyovikuta ubaoni. Mwaka 2015 Deena Weisberg na wenzake huko Marekani walilinganisha watoto wa chekechea waliosomewa vitabu vya mambo ya kawaida na wengine waliosomewa vitabu vya mambo ya ajabu, na wale wa mambo ya ajabu ndio waliojifunza maneno mapya zaidi. Nadhani sababu haiko mbali: jambo la ajabu huamsha masikio. Kwa haki ni lazima niseme kwamba hilo halihusu kila aina ya somo. Ukitaka mtoto ajifunze kutatua tatizo fulani na kulitumia suluhisho hilo maishani, hadithi inayofanana na maisha yake humfaa zaidi. Lakini hakuna anayependekeza tumfundishe mtoto kuvuka barabara kwa hadithi ya paa juu ya mbuyu.

Mfano maarufu zaidi wa ndoa ya vioja na kusoma ni wa Theodor Geisel, aliyejiita Dr. Seuss. Vitabu vya darasa la kwanza Marekani katika miaka ya 1950 vililalamikiwa kwamba vinawachosha watoto mpaka wanakataa kusoma. Geisel akapewa orodha ya maneno rahisi atunge kitabu kutokana nayo, na mwaka 1957 akatoa The Cat in the Hat, kisa cha paka mwenye kofia ndefu anayeivuruga nyumba, kwa maneno tofauti 236 tu. Miaka mitatu baadaye alitunga Green Eggs and Ham kwa maneno 50. Mtoto huyarudia maneno yale 50 mara nyingi kwa hiari yake, kwa sababu anataka kujua kama yule mbishi atakubali hatimaye kuonja mayai ya kijani. Mwalimu gani asingependa marudio ya namna hiyo?

Nimesema sana juu ya maneno, na kumbe katika kitabu cha picha nusu ya kazi, pengine zaidi, inafanywa na mchoro. Raha yake maalumu ni pale maneno na picha yanapopingana. Maandishi yanasema kwa utulivu kwamba asubuhi hiyo kivukoni Likoni kulikuwa shwari, na mchoro unaonyesha tuktuk moja imebeba feri nzima juu ya paa lake, abiria wamejipanga sitahani na mikokoteni yao, dereva anatafuna mabuyu na ulimi wake ni mwekundu. Mzazi anayasoma maneno. Mtoto, ambaye hajui kusoma, ndiye anayeuona ukweli wa ukurasa na kupiga kelele. Mombasa haina upungufu wa mambo ya kuchorwa hivyo. Zile pembe nne za alumini zinazokatiza Moi Avenue ni swali ambalo kila mtoto ana haki ya kuuliza: mwenye pembe yuko wapi, na siku akija kuzidai zake, atapita barabara gani? Hadithi ya Goso nayo imekaa kama iliyotungwa kwa ajili ya kitabu cha picha, mshukiwa mmoja kila ukurasa, foleni ikirefuka, na jicho la paa likichungulia katika matawi tangu mwanzo ili mtoto alijue jibu kabla ya wanafunzi wa Goso.

Wachoraji wapo, na mtindo upo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kuchora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vibao, hakuwachora kama wanavyoonekana mbugani. Aliwapa madoa, macho na rangi alizozitaka yeye. John Kilaka, Mtanzania aliyelelewa na mkondo huo, ametunga vitabu vya picha ambamo sokwe ni mvuvi na wanyama wamevaa nguo na kwenda sokoni, na kazi yake imetunukiwa katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Lakini vitabu vyake vilianza safari yake Uswisi, kwa Kijerumani. Jambo hilo linanisumbua kuliko bei yoyote ya karatasi. Na kitabu cha picha cha Mombasa kilichopata umaarufu mkubwa zaidi duniani, Owen & Mzee cha mwaka 2006, ni cha picha za kamera na kisa chake ni cha kweli: kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Bamburi, akamganda kobe mzee kana kwamba ni mamake. Watoto wa mabara yote walikipenda kwa sababu kinafanana na kioja ambacho msimulizi angekibuni. Ukweli ulipofikia kiwango cha hadithi, dunia ilinunua.

Tafsiri inaweza kutusaidia kiasi. Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Alice ya Lewis Carroll iliyofanywa na E. V. St Lo Conan-Davies, ilitolewa London mwaka 1940, na Elisi akachorwa kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kazi zote mbili zinastahili shukrani. Hata hivyo vioja husafiri kwa taabu, kwa sababu nusu yake imo katika sauti za lugha ya kwao, na mzaha unaohitaji maelezo umeshakufa. Kiswahili kina vyombo vyake ambavyo havijatumika vya kutosha katika vitabu vya watoto. Kina chubwi ya jiwe majini, tifu ya vumbi, pu ya mzigo, sauti zinazomtaka msomaji apige meza. Kinaweza kumkuza mtoto akawa toto na kumfinya akawa kitoto katika sentensi moja, na mchoraji akafuata nyuma kwa brashi. Ngũgĩ wa Thiong'o alipowatungia watoto wa Kikuyu mwaka 1982 alilipa basi mabawa likaruka, na alifanya hivyo kwa lugha ya mama. Sijui kwa nini matatu ya Likoni isubiri.

Linabaki suala la fedha, na hapa sina la kumlaumu mzazi. Uchapaji wa rangi ni ghali, na sheria ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu Kenya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, huweka hadithi za picha mtandaoni bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na huruhusu yeyote kuandika, kutafsiri na kuchapa. Mwalimu mwenye simu na printa anaweza kuanzia hapo. Lakini kitabu cha mtoto wa miaka mitatu kinapaswa kuwa kigumu, kikubwa, cha kulaliwa tumboni, cha kurudiwa mpaka kichakae, na hicho kinahitaji mnunuzi mkubwa. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti elimu ya chekechea, kwa hiyo Mombasa haihitaji kungoja Nairobi. Kaunti inayojenga madarasa ya PP1 na PP2 inaweza kuagiza vitabu vichache kila mwaka kutoka kwa watunzi na wachoraji wa kisiwani, ikaweka sharti moja katika zabuni: kurasa za mwisho zisiwe na maswali.